Mkono wa Kushoto wa Eerik

Ukumbi ulikuwa kiwanda cha pamba zamani:
kuta za matofali, sakafu ya saruji.
Nje ni Tampere, Novemba, saa kumi alasiri na giza tupu,
na mto unaporomoka chini ya madirisha
bila kumngoja mtu ahesabu moja, mbili, tatu.

Nikagusa uzi wa kwanza.
Haikutoka noti. Ulitoka uji.
Ukajaa chumba, ukapanda ngazi,
ukatetemesha bilauri kwenye kaunta,
lakini ungeuliza ni do au ni re
hakuna aliyejua, hata mimi mwenye vidole.

Nikafanya tufanyavyo wapiga besi wote:
nikaongeza sauti.
Juhana naye akaongeza gitaa lake.
Oskari akazipiga ngoma kama anazidai.
Tukawa watu wanaoitana ndani ya pipa.

Sirkka, fundi mitambo,
mama wa miaka sitini na tatu,
soksi za sufu kavalia juu ya viatu kwa ajili ya barafu,
akaja hadi ukingo wa jukwaa, akasema tu:
"Raili, toka kwenye kona."

Kona huinenepesha besi. Sikujua.
Tukaikokota amplifaya hatua nne,
tukaipandisha juu ya kreti mbili za bia
ili sakafu isiimbe nayo.
Akapunguza kwenye hezi mia mbili, tope linapolala,
akaongeza kidogo kule juu, ukucha unapokutana na chuma.
"Na wewe Juhana, gitaa lako lina kitambi."
Juhana akanuna. Akakikata.
Nyuzi zangu za miaka mitatu, zilizokufa kwa jasho,
nikazivua; mpya zikanikwaruza vidole.

Tukaanza tena.
Sasa ngoma ya mguu ilikaa chini, mimi juu yake,
kikombe na kisahani.
Lakini palikuwa bado na kitu.
Kivuli. Noti nisiyoipiga bado
ikinitangulia kwa unywele.

Nikaacha kupiga.
Besi ikaendelea.

Eerik. Kinandani, macho kafumba,
mkono wa kulia ukiupamba wimbo,
wa kushoto chini, chini kabisa,
ukitembea njia isiyo yangu,
njia inayojikwaa kidogo kabla ya kufika nyumbani.

Oskari akatazama vijiti vyake.
Miaka kumi na tisa njia ile ilikuwa ya Taneli, mdogo wake.
Alizikwa Machi.
Mimi niliitwa Agosti.

Mafahali wawili, wahenga walisema, zizi moja...
Ila mmoja wetu hakuwa tena na pembe.

Sirkka angeweza kumaliza: kitufe kimoja,
kinanda kikatwe miguu.
Kidole chake kilikaa juu ya miksa, hewani.
Kikarudi mfukoni.

Nikavuta stuli, nikaketi karibu na kinanda.
"Nionyeshe pale anapojikwaa."
Akanionyesha mara mbili bila kunitazama.
Nikapiga. Vibaya. Akacheka kwa pua.
Nikapiga tena, na tena,
na mara ya tano akauondoa ule mkono,
akautazama kama mtu aliyekuta mfukoni
ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa,
akauweka juu ya goti.

Hapo ndipo niliposikika.
Si kwa ukubwa; Sirkka alikuwa amenipunguza.
Kila noti ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake,
na baina yao, upana wa mlango.

Usiku watu walijaa, makoti mgongoni,
wakinuka theluji na bia.
Katika wimbo wa tatu, karibu na mwisho,
mkono ukapanda kutoka gotini
ukatafuta noti moja, ya chini, ile ya kujikwaa.

Niliuona ukija.
Nikaziba nyuzi kwa kiganja,
nikampisha.